Miaka minne nilimuuguza baba, sasa kila mwajiri ananiuliza nilikuwa wapi

Dada mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanaume wa miaka 41, nina mke na watoto wawili. Kwa miaka 11 nilikuwa mtunza stoo katika kampuni iliyokuwa ikisambaza vipuri vya mashine. Niliingia nikiwa mpakuaji wa mizigo, nikapanda taratibu mpaka nikakabidhiwa funguo. Mzigo ukifika mimi ndiye niliyeupokea na kuukagua dhidi ya oda, nikauingiza kwenye leja, nikaupanga ili kilichotangulia kuingia ndicho kitangulie kutoka. Mwisho wa mwezi tulihesabu mali yote na kulinganisha na vitabu vya mhasibu. Kazi ile niliipenda. Kisha kampuni ikafungwa, tukalipwa kidogo kilichokuwepo, kila mtu akashika njia yake.

Nikiwa bado natafuta pa kuanzia, baba akapata kiharusi, akapooza upande mmoja. Ndugu zangu wote walikuwa na ajira. Mimi nilikuwa nyumbani, kwa hiyo hakuna aliyeuliza nani atakaa na mzee. Nilimwogesha, nikamlisha, nikampa dawa kwa saa zake, nikamgeuza mchana na usiku ili asipate vidonda vya kulalia. Miaka minne ikapita hivyo. Baba alifariki mwaka jana.

Tangu hapo natafuta kazi. Nikifika kwenye usaili, swali huwa ni moja: hii miaka minne ulikuwa wapi? Nikisema nilikuwa namuuguza baba, naona nyuso zinabadilika. Msaili mmoja aliniuliza kama sina dada wa kufanya kazi hiyo. Nilishindwa kumjibu, na mpaka leo swali lile linaniuma.

Mke wangu ndiye aliyenisukuma niende kituo cha huduma za ajira cha hapa kwetu. Nilikaa kwenye benchi nikiwa na namba yangu mkononi, nimezungukwa na vijana ambao wengine ningeweza kuwazaa. Binti aliyenipokea hakuwa na ubaya, ila foleni ilikuwa ndefu na alikuwa na haraka. Fomu ilikuwa na nafasi za mwajiri, cheo na tarehe tu. Nilipofika kwenye ile miaka minne nikasema nilikuwa nyumbani na mgonjwa, naye akaandika “hana kazi”. Kwenye uzoefu akaandika “stoo”. Akasema, “Tutakupigia.”

Walipiga kweli. Kwanza ikawa kazi ya ulinzi wa usiku, baadaye kupakia mizigo kwenye malori. Nilikwenda kwa heshima, lakini mgongo wangu uliumia katika zile kazi za kumnyanyua baba na siwezi tena kubeba vitu vizito. Mara ya mwisho yule binti alinipigia kuniambia kuna mafunzo ya wiki kadhaa ya kutunza hesabu za stoo kwa kompyuta, hayana malipo kwa upande wangu lakini hakuna posho. Nilimwambia nitafikiri, na sijamrudia. Miaka 11 nimeshika funguo za stoo, leo nikafundishwe stoo? Tena nimesikia kwamba ukikataa wanachokupangia wanakufuta kwenye orodha, kwa hiyo huenda hata jina langu halipo tena.

Sasa shemeji yangu, kaka yake mke wangu, amepata wakala anayesema kuna nafasi ya mtunza stoo kwenye ghala kubwa mji mwingine, na chumba cha kulala juu. Wakala anataka alipwe kwanza. Kiasi anachotaka ni karibu akiba yetu yote. Shemeji alitubeba sana kipindi baba anaumwa, hata ada za watoto alilipa, na naona nikikataa nitakuwa nimemvunjia heshima. Kaka yangu naye ana biashara yake, amesema yuko tayari kuniandikia barua kwamba miaka ile minne nilikuwa namsimamizia stoo, ili pengo lizibike na maswali yaishe.

Mke wangu anashona nguo za watu mpaka usiku, ndiye anayetulisha. Yeye anasema mficha uchi hazai, nirudi kituoni nimweleze yule binti kila kitu. Dada, nirudi pale nikaketi kwenye benchi lile tena? Nimlipe wakala? Nichukue barua ya kaka? Na kama nikirudi, naruhusiwa kuomba afisa mwingine?

Mimi mtunza stoo wa zamani.

JIBU LA MSHAURI

Marahaba, mdogo wangu. Pole sana kwa kumpoteza baba. Naanzia hapo kwa sababu katika barua yako ndefu kifo chake umekipa sentensi moja, kisha ukakimbilia habari za kazi. Aliyelala miaka minne nusu usingizi akisikiliza pumzi za mgonjwa hazimtoki mwilini kwa mara moja. Sijui kama kuna mtu amekuuliza wewe mwenyewe unaendeleaje tangu mzee aondoke. Jibu la swali hilo usiniandikie mimi. Mpe mkeo, usiku mmoja akiwa ameweka cherehani pembeni.

Barua yako nimeirudia, na naona ndani yake mambo manne yamefungwa pamoja: kituo kinachokuita kwa kazi zisizokufaa, mafunzo yaliyokuudhi, wakala anayetaka akiba yenu, na barua ya kaka. Umeyaandika kana kwamba ni lazima uchague moja na kuacha mengine. Mimi naona yote yanatoka kwenye ile miaka minne. Umeanza kuiona kama watu wa usaili wanavyoiona, kama kitu cha kuzibwa. Ndiyo maana wakala asiyekuuliza kitu anavutia, na barua ya kaka pia.

Tuanze na kituo, kwa sababu huenda umekiwekea matumaini ambayo hakiwezi kuyabeba, halafu ukakinyima yale ambayo kinaweza. Kituo cha ajira hakina kazi zake za kukugawia. Kinakusanya habari za nafasi kutoka kwa waajiri na habari za watafutaji, kisha kinajaribu kukutanisha pande hizo mbili. Mkataba namba 88 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1948, umezitaka nchi zilizouridhia ziwe na huduma ya umma ya ajira isiyotozwa ada, na umeeleza kazi za huduma hiyo: kumsajili mtafutaji, kuandika ujuzi wake, uzoefu wake na matakwa yake, kumsaili, inapobidi kupima anachokiweza kwa mwili na kwa taaluma, na inapofaa kumsaidia apate ushauri au mafunzo. Afisa anatakiwa pia kupata kwa mwajiri maelezo kamili ya nafasi anayoitangaza. Kwa hiyo kumwambia afisa kazi unayoitaka na mzigo usioweza kuunyanyua si kulalamika. Ni habari anayoihitaji ili afanye kazi yake.

Sasa tazama kilichoandikwa kwenye faili lako. Uzoefu: stoo. Miaka minne: hana kazi. Mgongo: hakuna neno. Mtu yeyote akisoma karatasi hiyo bila kukuona, anakupeleka kupakia malori. Sisemi yule binti alifanya vema kukimbiza fomu. Sisemi pia kwamba kosa ni lako, maana fomu iliuliza mwajiri na cheo, na baba hakuwa mwajiri wako. Nasema tu kwamba mtu anayetafutiwa kazi pale kituoni hafanani sana na wewe uliyeniandikia mimi. Mimi umenieleza kukagua mzigo dhidi ya oda, kupanga bidhaa kwa mfuatano wa kuingia, kuhesabu mali na kulinganisha na vitabu vya mhasibu. Mistari hiyo ndiyo mwajiri mwenye ghala anaitafuta, na kwenye faili haimo hata mmoja.

Ukiamua kurudi, unaweza kwenda na ukurasa mmoja ulioandika mwenyewe nyumbani, kwa utulivu, bila foleni nyuma yako. Humo uweke kazi ulizokuwa ukifanya kwa vitendo, moja baada ya nyingine, kama ulivyonieleza. Uandike umepanda kutoka upakuaji hadi kushika funguo, maana hilo linaonyesha uliaminiwa na watu waliokuona kila siku. Na ile miaka minne iwe na mstari wake: nilimuuguza mzazi aliyepooza, jukumu hilo limekwisha.

Nakuomba uyafikirie hayo maneno matatu ya mwisho. Wasaili wengi wanaobadilika nyuso hawachukii kwamba ulimtunza baba. Wanajiuliza kama kesho utaitwa tena nyumbani ukawaachia ghala. Ukisema limekwisha, umewajibu hofu ambayo hawataitamka. Najua kwako maneno hayo ni mazito, kwa sababu yanamaanisha mzee hayupo. Yajaribu kwanza mbele ya mkeo, yatoke bila kukukaba. Na yule aliyeuliza kama huna dada, unaweza kumjibu mwingine wa aina yake kwa utaratibu tu: “Ninaye, lakini mimi ndiye niliyekuwa na nafasi, nikaichukua kazi hiyo.” Kisha nyamaza, mwache aende kwenye swali linalofuata.

Uuguzi ule ulikuwa na nidhamu yake pia, hata kama hauna cheo. Dawa kwa saa zake, kumgeuza mgonjwa usiku na mchana, kujua kilichobaki na kinachokaribia kwisha ili kisikosekane. Kwa mtu wa stoo, hayo unayatambua. Usiyafanye hotuba kwenye usaili, sentensi moja inatosha, lakini wewe mwenyewe acha kuyaita miaka ya kukaa.

Kuhusu mgongo, hapa pana hatari ambayo sitaki nikufiche. Ukimwambia afisa kwamba huwezi kubeba vizito, orodha ya kazi atakazokuitia itapungua, na wapo maafisa ambao wakisikia maumivu wanakuweka kando. Usipomwambia, utaendelea kuitwa kwenye malori, na siku moja utakubali kwa sababu ya njaa ya nyumbani na kuumia zaidi. Njia moja ya kati ni kueleza unachokiweza kabla ya usichokiweza: kusimama, kutembea ghala zima, kuhesabu, kuandika, kuwasimamia wapakuaji, ila si kunyanyua mizigo mizito peke yako. Na mgongo wenyewe upelekwe kwa daktari, kazi ipatikane isipatikane. Umesema uliumia katika kumnyanyua mzee, lakini husemi kama umewahi kutazamwa.

Nimefika kwenye mafunzo. Naelewa yalivyokuchoma. Mtu aliyeshika funguo za stoo anaambiwa akajifunze stoo, tena na binti mdogo, tena kwa simu. Lakini nikuulize: umesema mafunzo ni ya kutunza hesabu za stoo kwa kompyuta. Ulipoondoka kwenye kampuni ile, leja ilikuwa ya karatasi au ya kompyuta? Kama ilikuwa ya karatasi, basi hakuna anayetaka kukufundisha namna ya kupokea mzigo. Kinachofundishwa ni mahali papya pa kuandikia yale unayoyajua, na kijana anayeijua programu hiyo bila kuwahi kuona mali ikipotea mbele ya macho yake atakuwa nyuma yako kwa mengi. Kama uliwahi kutumia kompyuta, basi una haki ya kumwambia afisa hivyo, na pengine anachokosa ni cheti chako tu.

Hata hivyo wiki kadhaa bila posho ni mzigo kwa anayeshona usiku kuwalisha watoto, na kuna mafunzo ambayo mwisho wake ni karatasi isiyoulizwa na mwajiri yeyote. Kabla ya kusema ndiyo au hapana, muulize afisa cheti kinatolewa na nani, na ni waajiri gani wa hapo kwenu walioomba watu wenye cheti hicho. Waliomaliza awamu iliyopita wako wapi? Je, kuna masomo ya asubuhi au jioni tu ili ubaki na muda wa vibarua? Afisa akiwa na majibu, utapima. Akikosa majibu, hiyo nayo ni habari.

Kuna utafiti uliofanyika Addis Ababa kwa vijana waliokuwa wakitafuta kazi. Baadhi yao walisaidiwa kuandika maombi na kujiandaa kwa usaili, ujuzi wao ukapimwa na wakapewa vyeti. Miaka minne baadaye hao walikuwa na kipato kikubwa kuliko wenzao ambao hawakupata msaada huo. Wewe si kijana wa miaka ishirini, na mji wako si Addis Ababa, kwa hiyo sikuahidi matokeo yale. Ninachokichukua humo ni kwamba mara nyingine uwezo upo siku zote, ila hauna karatasi inayouonyesha kwa mtu asiyekujua. Kituo kinaweza kukusaidia kwa hilo hata siku ambayo hakina nafasi ya kazi: kuandika wasifu, kuandaa barua ya maombi, kufanya mazoezi ya usaili. Je, uliwahi kuwaomba hayo?

Kufutwa kwenye orodha nako kumekusumbua. Taratibu hazifanani. Pale ambapo kituo kimeunganishwa na malipo ya kukosa ajira, kukataa kazi au mafunzo bila sababu kunaweza kukatisha malipo hayo, na sababu kama ya afya huwa inasikilizwa ikielezwa mapema. Pale ambapo hakuna malipo, mara nyingi jina hukaa kwa muda fulani kisha hutakiwa kuhuishwa. Uvumi wa kwenye benchi usikuamulie. Uliza, na kama unakataa kitu, kikatae kwa maandishi mafupi yenye sababu, kisha ubaki na nakala.

Kituo pia kina mipaka yake. Waajiri wengi hawapeleki nafasi zao huko kabisa, hasa nafasi zinazohitaji mtu wa kuaminiwa na funguo. Wanaulizana wao kwa wao. Hivyo hata ukirudi na faili likarekebishwa vizuri, huenda simu ikachelewa. Ni njia moja ya kuwa nayo, huku ukitembea na nyingine.

Hapo ndipo shemeji anapoingia. Wazo lake la msingi, kwamba kazi nzuri hupatikana kupitia mtu anayejua mtu, lina ukweli. Mwanasosholojia wa Marekani Mark Granovetter aliandika mwaka 1973 juu ya watu waliopata kazi zao kupitia wanaowafahamu. Aligundua kwamba wachache tu, takriban mmoja kati ya sita, walisaidiwa na mtu waliyekuwa wakionana naye mara kwa mara. Zaidi ya nusu walisaidiwa na mtu wa kuonana naye mara mojamoja, na waliobaki na mtu waliyeonana naye kwa nadra sana. Sababu yake inaeleweka: ndugu na rafiki wa karibu wanajua nafasi zilezile unazozijua wewe. Sasa hesabu watu wako wa mbali. Madereva waliokuletea mizigo miaka 11. Mawakala wa mauzo waliokuja kuchukua oda. Mhasibu mliyekaa naye kulinganisha vitabu. Msimamizi aliyekukabidhi zile funguo. Kampuni ilifungwa, lakini hao walikwenda kufanya kazi mahali pengine, tena huenda kwenye maghala. Katika barua yako nzima hakuna hata mmoja wao uliyesema umemtafuta. Hao ndio pia wanaoweza kuwa wadhamini wako, kwa maneno ya kweli.

Kumlipa wakala kwanza ni jambo jingine, na hapa nitasema wazi ninachokiogopa. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unahusu mawakala binafsi wa ajira, na kanuni yake ya jumla ni kwamba wasimtoze mfanyakazi ada, si moja kwa moja wala kwa kuzunguka, ingawa nchi inaweza kuruhusu tofauti kwa makundi fulani. Ipo mikono safi katika kazi hiyo, na sheria ya nchi ndiyo inayosema nini kinaruhusiwa mahali mlipo. Lakini mtu anayetaka pesa yote kabla hujaona jina la mwajiri anaweza kutoweka nayo. Au nafasi ikawepo kweli, ila ukifika mji mwingine bila akiba, bila nauli ya kurudi, ukaambiwa kazi ni tofauti na mshahara ni mdogo, huku chumba unacholalia ni chao. Mtu asiye na akiba hushindwa kuondoka mahali pabaya.

Sikuambii umkatalie shemeji. Umesema aliwabeba, na heshima hiyo ina haki yake. Unaweza kwenda kwake pamoja na mkeo, maana yeye ni kaka yake na akiba hiyo ni jasho la wote wawili, mkamshukuru, kisha mkamwomba awasaidie kumuuliza wakala: ana leseni ya kazi hiyo? Mwajiri anaitwa nani, na ghala liko wapi, mpige simu wenyewe? Mkataba unaweza kusomwa kabla ya malipo? Ada inaweza kukatwa kwenye mshahara wa kwanza, na kama sheria inairuhusu, risiti itatolewa? Ukimpa shemeji maswali hayo, hujamdharau. Yeye naye huenda anadanganywa, na akijua mapema atashukuru. Wakala akijibu yote vizuri, mtakuwa na jambo halisi la kulipima, pamoja na lile la kuiacha familia na kwenda mji mwingine, ambalo hukuligusa kabisa katika barua yako.

Barua ya kaka imetoka kwenye upendo, na huenda pia kwenye deni analolihisi, maana wewe ndiye uliyebaki na mzee wakati yeye yuko kwenye biashara yake. Nakuomba uitazame mpaka mwisho wa njia yake. Msaili wa ghala atakuuliza stoo hiyo ilikuwa na bidhaa za aina ngapi, ulihesabu mali lini, nani alikuwa juu yako. Utajibu, na kila jibu litahitaji jingine. Akimpigia kaka, naye aseme yaleyale. Ukiajiriwa kisha ikajulikana, unaweza kufukuzwa, na kazi yako ni ile ambayo mtu hupewa kwa sababu anaaminiwa. Upande wa pili, nakubali kwamba ukweli umekufungia milango kadhaa tayari, na si haki nikuhukumu kwa kuchoka. Lipo jambo moja la kumuuliza kaka: je, anaweza kuandika barua nyingine, ya kweli, kwamba kwa miaka minne ulikuwa mwangalizi wa mzazi wenu usiku na mchana, na kwamba ulibeba jukumu la familia nzima? Huenda mkiketi kuiandika mkazungumza mambo ambayo kikao cha familia hakikuwahi kuyazungumza.

Kuhusu benchi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, mwanasaikolojia Marie Jahoda na wenzake walichunguza kijiji cha Marienthal huko Austria, ambako kiwanda cha nguo kilichokuwa kikiajiri karibu kila nyumba kilikuwa kimefungwa. Ungetegemea kwamba watu wenye muda mwingi wangesoma zaidi. Ilikuwa kinyume: maktaba iliazimisha vitabu vichache kuliko zamani, ingawa ada ya kuazima ilikuwa imeondolewa. Wanaume walitembea polepole, wakasimamasimama njiani. Kukosa kazi kulikuwa kumewapunguzia hata nguvu ya kufanya mambo yasiyo na gharama. Nakuambia haya ili siku ukiamka ukashindwa kwenda kituoni usijiite mvivu wala mwenye kiburi. Hali yenyewe inamvuta mtu chini. Na wale vijana uliowaona kwenye benchi, baadhi yao huenda wanavutwa vilevile na hawana mke wa kuwasukuma.

Umeuliza kama unaweza kuomba afisa mwingine. Kuomba unaweza, mahali pengi, kwa kumwona msimamizi wa kituo na kueleza sababu kwa adabu. Ila yule binti alisema atakupigia, na alipiga, tena zaidi ya mara moja. Na simu ya mwisho ilikuwa ya jambo la stoo, maana yake neno lile moja kwenye faili alilikumbuka. Ukitaka kumpa nafasi kabla ya kumbadilisha, mpigie wewe, uombe akupangie saa ambayo foleni imepungua, na umwambie unakuja kurekebisha taarifa zako. Mpe ule ukurasa wako. Akimaliza kuandika, mwombe akusomee alichoandika kabla hujaondoka mezani pake, na kama ile miaka minne bado imeandikwa “hana kazi”, mwambie hapohapo ungependa iandikwe nini.